Pua ya Mpishi

3 Februari

Mdogo wangu Mdomo,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado hajafa, ingawa wapo wanaojitahidi. Mgongo unauma kama kawaida yake, meno yaliyobaki yananitosha. Vipi wewe? Vipi goti? Na yule jirani yako, bado maji ya paa lake anayamwaga uani kwako? Mwambie una kaka, na kaka ana panga. Kwamba kaka yuko mbali na panga ni butu, hilo si lazima alijue.

Habari za hapa jikoni, kwenye kiwanda chetu cha ndala, ni kero tupu, na nisipozimwaga hapa nitazimwaga kwenye mchuzi. Tumeletewa msimamizi mpya. Kijana mdogo, suruali imembana, hajawahi kuungua hata kidole. Nimempa jina Bwana Tangazo. Kila nikiinua macho naona karatasi ukutani. OSHA MIKONO. FUNGA MLANGO. USIONGEE WAKATI WA KUPAKUA. Juzi kabandika moja mlangoni mwa choo: TAFADHALI FANYA HARAKA. Nikamuuliza, "Mwanangu, na hili nalo tutalifanyia kikao?" Akacheka mpaka akasahau alichokuja kunigombeza. Hiyo ndiyo dawa yangu tangu ujana: mkubwa wako akishacheka, hana tena ubavu wa kukufokea.

Kisu changu kizuri waliazima watu wa karakana, wakakatia mpira wa ndala, kimerudi kama msumeno. Mlango wa stoo unagoma kufunguka mpaka uupige teke, na ukiupiga teke Bwana Stoo ananuna kama umempiga yeye. Halafu kuna Mama Masufuria, muosha vyombo wetu. Mwanamke mwema, lakini ana wimbo mmoja: "Mzee, gesi inanuka. Mzee, hiki kimpira cha mtungi kimechoka." Kila asubuhi gesi, gesi. Namwambia humu kiwandani kunanuka mpira mwaka mzima, hakuna mwenye pua iliyobaki hai, ila yake inaota ndoto.

Jambo moja linanipa raha. Siku hizi hakuna anayelalamikia chakula changu. Zamani ilikuwa mzee leo chumvi, mzee leo umeunguza. Sasa kimya. Wanapokea sahani kwa mikono miwili, "Asante mzee, Mungu akuweke." Wanabakiza, sikatai, lakini kosa ni la yule mwuza mayai ya kuchemsha aliyekaa nje ya geti. Anawaharibia hamu wangali njiani.

Niandikie. Usipoandika nitajua umepata mchumba.

Kaka yako, Mzee Mwiko


28 Februari

Kaka,

Shikamoo. Barua imefika, imelowa pembeni, nadhani tarishi aliifanyia mwavuli. Mimi sijambo. Goti linapanda ngazi kwa kulazimishwa. Binti yangu na mumewe hawajambo huko waliko, wanasema watakuja, wamekuwa wakisema hivyo tangu mtoto wao hajaota meno, na sasa anang'oa. Maji ya jirani yanaendelea. Nimemwambia habari za panga lako, akauliza kama ni wewe yule uliyemkimbia bata wake.

Cherehani inanisumbua. Uzi wa siku hizi unakatika ukiutazama kwa jicho baya, na wateja wanataka nguo jana.

Sasa kaka, kuna jambo nimelikalia tangu ulipokuja kunitembelea mwaka jana, na barua yako imenifanya nisimame. Unakumbuka siku ile ya mwisho nilikupikia maharagwe na wali? Ulisema hujawahi kula maharagwe matamu kama yale. Ukaongeza. Ulipoondoka nikakaa kula yaliyobaki. Hayakuwa na chumvi, kaka. Hata chembe. Nilisahau kabisa kutia, nilikuwa na mawazo ya wewe kuondoka. Nikasema huyu mzee amenifanyia dhihaka, na nilinuna wiki nzima, ulikuwa hujui tu.

Sasa nasoma kwamba watu wako wanabakiza chakula na mwenzako anasikia gesi wewe husikii. Pua yako ina nini?

Sikuiti nyumbani. Usije ukafikiri nakuita. Nimezoea kukaa peke yangu, na nafasi ni haba. Nauliza tu.

Mdogo wako


11 Aprili

Mdomo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kalamu iliisha wino, kisha mimi nikaisha hamu. Hapa hatujambo. Bwana Tangazo kabandika lingine: MATANGAZO YASIBANDULIWE. Limebanduka lenyewe.

Yale maharagwe yalikuwa matamu. Nilikuwa na njaa.

Basi, nikauacha mstari huo nikaenda kulala, na asubuhi nimeurudia nikaona ni uongo wa kitoto. Sawa. Nitakwambia, lakini ufunge huo mdomo niliokupa jina lake.

Unakumbuka mafua yaliyoniangusha mwaka juzi, nikalala kama gunia? Yalipoondoka yaliondoka na pua. Na pua iliondoka na ulimi. Kitunguu kikikaangwa naona moshi tu. Pilipili naijua kwa machozi. Nikitia chumvi mdomoni ni kama natafuna mchanga wa mtoni. Nilifikiri yatarudi. Nilimwona daktari, akaniangalia puani kwa taa kama anatafuta mtu aliyepotea humo, akasema tuvumilie. Nimevumilia, mdogo wangu. Hakuna aliyerudi.

Sasa nilipikaje? Mama Masufuria ndiye alikuwa ulimi wangu. Tulipatana bila kupatana. Naweka mchuzi kidogo kwenye kifuniko, nauacha karibu na karai lake, yeye anaonja. Akikohoa, naongeza chumvi. Akigonga sufuria, nimezidisha. Akinyamaza, napakua. Lakini kikohozi kilijua chumvi tu, kilichoungua au kuchacha kilinipita. Hatukuwahi kuzungumzia jambo hilo. Siku moja tu aliniambia, "Mzee, mimi nitakohoa mpaka lini?" Nikamwambia mpaka upone.

Mwezi uliopita Bwana Tangazo alimhamishia kwenye kufungasha ndala. Ati kuna mashine ya kuoshea vyombo inakuja. Haijaja. Mimi naosha, mimi napika, mimi naonja hewa. Nikabuni mbinu kwa Bwana Stoo: nampa sahani ya kwanza kila siku, kama heshima, kisha nasimama mbele yake namtazama uso. Anatafuna, anameza, macho yanamtoka, anasema, "Tamu, mzee." Kila siku tamu. Siku niliyohisi mkono umeteleza kwenye kopo la chumvi, alisema tamu sana, akanywa jagi zima la maji. Watu wa hapa wamelelewa vizuri mno, hawawezi kumwambia mzee kuwa chakula chake ni takataka.

Na gesi ni kweli siisikii. Ninageuza koki, natega sikio. Nina masikio mazuri bado.

Usiniambie niache kazi. Chumba changu kiko nyuma ya jiko, kazi ikienda na chumba kinakwenda. Na nikitoka hapa mimi ni nani? Mzee fulani anayekaa barazani kwa dadake, anayelishwa. Afadhali nigombane na matangazo.

Kaka


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Huku salama, sina habari, nimeisoma barua yako nikaacha gauni la bibi harusi kwenye cherehani, na harusi ni Jumamosi.

Unatega sikio! Kaka, gesi unaitegea sikio? Ni panya?

Umesahau mimi ni nani? Mama alipofariki nilikuwa sijui hata kumenya kiazi. Wewe ndiye uliyenipandisha kwenye kigoda, ukanishikisha mwiko, ukaniambia, "Kabla ya kuonja, nusa. Pua inafika kabla ya mdomo." Mimi nimelelewa na pua hiyo. Najua ilichokuwa. Na kwa hiyo najua ulivyo sasa, hata ukinichekesha vipi.

Mwambie msimamizi. Mwambie leo, ukimaliza kusoma hapa. Hujijali, sawa, wewe mzee umeshakula chumvi yako yote na huisikii. Lakini wale wanaosimama foleni na sahani mbele ya mtungi wamekukosea nini?

Au nitaandika mimi. Nipe jina lake halisi na anwani ya kiwanda, hii ya sanduku la posta ni yako peke yako, ulihakikisha hivyo. Nipe.

Mdogo wako


15 Juni

Kaka,

Shikamoo. Posta wamenizoea, nikiingia tu yule mama wa dirishani anatikisa kichwa kabla sijafika.

Jibu. Hata kwa kunitukana. Niambie nina mdomo mpana, niambie marehemu mume wangu alikufa ili apumzike na kelele, kama ulivyosema siku ya arobaini watu wakacheka na mimi nikacheka. Andika lolote.

Mdogo wako


6 Julai

Mdogo wangu,

Sijambo. Anza na hilo, nimeliandika mwanzo ili usiruke mistari. Mkono huu ninaoandikia ni wangu na vidole vyote vipo.

Barua zako zote mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu ulichouliza kilikuwa cha kweli, na mimi nilikuwa nasubiri kipite.

Asubuhi moja niliingia jikoni kama kawaida. Nilifunga mlango, kwa sababu kuna tangazo linasema FUNGA MLANGO, na madirisha yalikuwa yamefungwa tangu jana yake. Nikatega sikio. Kimya. Nikachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika kichwa, nikaitukana. Nilikuwa nimeshika ya pili ndipo mlango ulipigwa teke. Mama Masufuria. Alikuwa anapita nje na maboksi yake ya ndala akaisikia harufu kutoka uani, mdogo wangu, kutoka uani! Hakusema shikamoo, hakusema neno. Alinikumba kama ng'ombe, kiberiti kikaruka kule, akanikamata shingo ya aproni akaniburuta. Mimi, mjinga, nikamwambia, "Taratibu mama, watu watasema tunatoroka pamoja." Hapo hapo akateleza kwenye sakafu niliyokuwa nimeiosha mwenyewe, akaangukia mkono wake, nami nikamwangukia juu. Nilisikia mfupa. Nimekwambia nina masikio mazuri.

Tulijikokota nje tukalala uani, yeye ameushika mkono, analia bila sauti. Kile kimpira cha mtungi kilikuwa kimepasuka nyuma, palepale alipokuwa anasema siku zote. Kilikuwa kinavuja taratibu, bila kelele yoyote.

Mkono wa kulia. Anafungasha kwa mkono wa kulia. Nilimtazama nikatafuta cha kusema cha kuchekesha, na kwa mara ya kwanza maishani mfuko ulikuwa mtupu.

Walipompeleka hospitali nikaenda ofisini kwa Bwana Tangazo. Nikamwambia, "Bosi, mimi sisikii harufu wala ladha, zaidi ya mwaka sasa. Nitoe jikoni."

Akacheka.

Nikamwambia tena. Akacheka zaidi, akajifuta macho. "Mzee Mwiko, wewe! Hata leo, baada ya mkasa kama huu! Nenda kapumzike, mpira tutabadilisha." Nikamwambia naapa. Akasema, "Ndiyo, kama ulivyoapa kwamba wewe ni pacha wa waziri." Na kweli niliapa hivyo, wiki aliyofika. Mdogo wangu, umewahi kupiga kelele za kuomba msaada na watu wakakupigia makofi?

Nikasema muite mtu yeyote anayekula kwangu. Akamuita fundi wa mashine, mtu mzima, mwenye mvi kama mimi. Nikamuuliza, "Chakula changu kikoje? Sema ukweli mbele ya bosi."

"Kizuri, mzee."

"Nakuomba. Sema kibaya."

"Mzee, mimi siwezi kukuvunjia heshima."

"Nivunjie! Nitukane! Sema Mzee Mwiko unatulisha uchafu!"

Akatazama sakafu. "Chakula cha mzee hakina kasoro," akamwambia bosi, na sauti ilikuwa ya mtu anayetoa rambirambi.

Hapo nikaona nitakufa katika jiko lile kwa sababu mmoja anacheka na mwingine ana adabu. Kuna sinki pembeni ya ofisi, lina kipande cha sabuni, ile ya bluu kali ya kuondolea grisi. Nikakichukua nikakiuma. Nikatafuna. Bwana Tangazo alicheka mwanzoni. Nikauma tena. Nilitafuna kama mtu anayekula mkate wa asubuhi, polepole, namtazama machoni, povu likinitoka puani na kudondoka kwenye meza yake juu ya karatasi zake. Nilikuwa nasubiri niisikie, unajua? Ndani ya moyo nilikuwa naomba iwe chungu. Nilikuwa tayari kuonekana mwongo mbele yao wote wawili, bora tu iwe chungu.

Haikuwa chochote.

Kijana akaacha kucheka. Akasimama, akazunguka meza, akanifungua mkono akachukua kile kipande kilichobaki, kama unavyomnyang'anya mtoto. Fundi akasema, bado anatazama sakafu, "Kuna siku hakiliki, mzee. Siku nyingi. Tulikuwa tunanunua mayai. Tulikuheshimu."

Nimetapika siku mbili. Nimeacha kazi, au kazi imeniacha, sijui nani alitangulia kufika mlangoni. Chumba wameniachia hadi mwisho wa Agosti. Mama Masufuria amefungwa plasta mpaka kiwiko. Kiwanda kinamlipia hospitali, hilo Bwana Tangazo kalisimamia, lazima niseme. Nilikwenda kumwona. Nikakaa. Akakohoa, mara moja, ananitazama. Nikashindwa kukaa, nikaondoka.

Kaka


19 Julai

Kaka,

Shikamoo. Sitakugombeza. Nimejaribu, kalamu imekataa.

Njoo. Nilisema sikuiti. Sasa nakuita. Chumba cha nyuma nimekifagia, nguo za wateja nimezihamishia sebuleni. Pita uage vizuri kwa yule mama, ukae naye hata kama hamzungumzi, kisha upande gari uje.

Mdogo wako


20 Agosti

Mdomo wangu,

Marahaba. Nimekaa kwa Mama Masufuria, kama ulivyoagiza. Nimemfulia nguo, nimemwoshea vyombo, amenikosoa kila kimoja. Ameniambia plasta ikitolewa na vidole vikikataa, atanipiga kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia nitamsogezea shavu. Tumecheka. Halafu amejaribu kukunja vidole, vikagoma, nami nikachukua sahani safi nikaiosha tena.

Mpishi mpya amefika. Mwanamke kijana, ana pua hiyo! Aliingia jikoni akasema, "Hapa kuna panya amekufa nyuma ya kabati." Alikuwepo. Sijui tangu lini. Nimepika naye muda wote huo.

Mfuko wangu nimeufunga. Nimeubeba hadi kituoni, nikamwona utingo anapanga mizigo, nikageuka nikarudi nao. Kesho yake vilevile. Watu wa njiani wanadhani nauza kitu.

Ngoja nikwambie, maana nikikaa kimya utasema nina kiburi, na safari hii si kiburi. Naogopa meza yako. Najua utafanya nini. Utapika vile vyote nilivyokufundisha, utaniwekea mbele, utakaa ng'ambo na kunitazama usoni, kama mimi nilivyokuwa namtazama Bwana Stoo. Na mimi nitatafuna mchanga nitasema tamu. Utajua ni uongo. Mchana tena, tamu. Usiku, tamu. Hadi mmoja wetu azikwe. Hapa kwa watu baki nilikuwa naweza. Kwa mtoto niliyempandisha kigoda siwezi. Nitamaliza utani wote mwezi wa kwanza, halafu utabaki na mzee anayelia juu ya wali.

Chumba natakiwa nitoke siku chache zijazo. Kuna mlinzi wa ghala amesema ana nafasi kwenye kibanda chake, kama sijali mbu. Sijui. Sijui kitu siku hizi.

Kaka


26 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva wa gari la huko mkononi, posta siiamini tena kwa jambo hili. Amesema atakutafuta mwenyewe, nimemwambia amuulize mtu yeyote alipo mzee mwenye mdomo mchafu.

Kwa mlinzi huendi.

Nikwambie na mimi, kwa kuwa umeanza. Hizo meza unazoziogopa hazipo. Tangu ulipoondoka mwaka jana sijapika. Nilipoyaonja yale maharagwe nilifunika sufuria, na mtu mmoja hapikiwi, kaka, hata kama ni mimi. Nakula mkate nimesimama karibu na cherehani, nachovya kwenye chai, makombo yanaingia kwenye nguo za watu. Wateja wameshalalamika. Ninayo pua yangu nzima na ulimi wangu mzima na sivitumii. Uliniachia hasara hiyo ukaenda zako ukiimba.

Nilikuwa nakwambia nafasi haba. Nyumba imejaa nafasi mpaka inavuma.

Kwa hiyo hesabu wewe mwenyewe nani anayemwogopa mwenzake. Nitapika, kwa kuwa lazima kuwe na mtu ndani ili mkono wangu ukubali. Sitakuuliza kitu. Na kama uso wako ndio tatizo, sitautazama. Tutakula tumepeana mgongo, wewe umeelekea ukuta, mimi nimeelekea mlango. Jirani akichungulia atasema tumegombana. Ataamini mara moja, anatujua.

Ukitaka kulia, lia. Mimi nitakuwa nimekupa mgongo.

Dereva anarudi Alhamisi. Nimeshamlipia kiti cha mbele, kile kisichotapisha. Usipokuwemo ndani yake nitapanda mimi, na goti hili, nije nikuchukue kwenye hicho kibanda mbele ya mlinzi na mbu wake.

Mdogo wako